Naomba maelekezo ya kufuma vishimo vya mraba kwa kroshia

Bibi wa Wete
Assalamu alaykum. Nafuma vitambaa vya meza na vya makochi kwa kroshia, na sasa nataka kumfumia mjukuu wangu blanketi lenye vishimo vya mraba vilivyoinuka kingo, mfano wa sega la nyuki, kisha nimfumie mama yake blauzi ya namna hiyo hiyo. Nimefuata video, lakini napata matuta ya wima tu bila ya mlalo, na kitambaa kinakuwa kigumu hata hakikunjiki. Wajuzi, naomba mnieleze sindano inapita wapi katika kila safu.

Mfumaji wa Ng'ambo
Waalaykumu salaam, shikamoo bi mkubwa. Matuta ya mlalo huzaliwa katika safu ya kurudi, kwa hiyo hapo ndipo pa kutazama. Jaribu kwanza kipande kidogo: funga mnyororo wa vitanzi 29, na kuanzia kitanzi cha nne kutoka kwenye sindano fuma fundo refu, lile la kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuchoma, katika kila kitanzi. Vitanzi 3 ulivyoviruka huhesabiwa fundo moja, na jumla itakuwa 27. Idadi ya mafundo lazima igawanyike kwa 3.

Geuza kazi, panda vitanzi 2 vinavyosimama badala ya fundo la ukingoni, halafu zungusha uzi na uichomeke sindano kutoka mbele, kando ya shina, yaani sehemu ya wima, la fundo linalofuata, ipite nyuma ya shina hilo na itokeze tena mbele upande wa pili, ndipo ukamilishe fundo kama kawaida. Mafundo mawili yanayofuata yafume juu, yaani fundo refu la kawaida kwenye kichwa cha kila moja. Endelea hivyo, shina moja na juu mawili, hadi yabaki mawili: la kwanza lizungushie shina, la mwisho lifume juu.

Safu ya kurudi ni kinyume chake. Fundo ulilolizungushia shina, ambalo upande huu linaonekana limezama, lifume juu, na yale mawili ya jirani yake uyazungushie mashina, moja moja, vilevile kutoka mbele. Mawili ya mwisho wa safu yafume juu. Mbele ni upande unaokutazama wewe wakati huo, hata ikiwa ndio ndani ya blanketi. Kisha rudia safu hizo mbili kwa zamu.

Mama wa Chake Chake
Ugumu unatokana na sindano ndogo. Kwa uzi wa unene wa kati mimi sishuki chini ya milimita 5.5, kwa sababu mafundo ya shina huvuta kitambaa na kukikaza. Mfumo huu pia hula uzi mwingi kuliko fundo refu la kawaida, basi nunua wa kutosha kwa mara moja na utazame namba ya mchovyo wa rangi kwenye karatasi ya kila bunda, maana rangi ya mchovyo mwingine huonekana wazi katikati ya blanketi. Uzi wa akriliki usiupige pasi hata kidogo: joto hulaza matuta na hayainuki tena.

Bibi wa Wete
Ahsanteni sana, wanangu. Matuta ya mlalo yameshatokea. Na blauzi je, itavalika kwa joto letu?

Mfumaji wa Ng'ambo
Blauzi nzima ya vishimo siishauri, bi mkubwa, kwani kitambaa ni kinene na wakati wa kaskazi hakivumiliki. Tumia uzi mwembamba wa pamba, vishimo uviweke kifuani na kwenye ncha za mikono, na mwili uufume kwa fundo fupi, lile lisilozungushiwa uzi kabla ya kuchoma, na kitanzi kimoja kwa zamu, ambao ni mfumo mwepesi unaopitisha hewa. Kabla ya kupima, kifue kile kipande cha majaribio na ukianike kwa kukilaza, kwa sababu pamba ikilowa huwa nzito, na ikitundikwa kwenye kamba hurefuka. Vipimo vya blauzi vichukue hapo kitakapokauka.