Mliotolewa zoloto (kiungo cha sauti kooni) mkawekewa kidude cha sauti, tupeane uzoefu

Fundi Mstaafu
Wakuu, salaam. Nina miaka miwili tangu nitolewe zoloto lote kwa saratani. Sigara nilianza nikiwa na miaka 17, simsingizii mtu. Sasa napumua kwa tundu la shingoni, juu kidogo ya kifua. Pua na mdomo havina habari tena na mapafu. Shemeji yangu mpaka leo nikipata mafua ananiletea maji ya moto na mkaratusi nijifukize puani. Namshukuru, najifukiza.

Kidude chenyewe ni kibomba kifupi cha silikoni, kimepita kwenye ukuta ulio kati ya njia ya hewa na umio. Kina kilango kinachofunguka upande mmoja tu. Nikitaka kusema naziba tundu kwa kidole gumba, hewa inapenya kwenye kilango, inaingia umio, nyama za koo zinatetemeka, maneno yanatoka mdomoni. Sauti inakwaruza, lakini mtu wa Tanga akinisikia anajua huyu wa kwetu.

Mwezi wa nne nikiwa na kikombe cha chai ya rangi, kikohozi kikanibana, nikajifuta shingoni nikaona leso ina wekundu. Nikajua damu, mke wangu akaanza kulia. Ilikuwa chai! Kilango kimeota fangasi, hakifungi, ninachokunywa kinavujia kwenye njia ya hewa. Kwenda hospitali, saizi yangu hakuna. Wiki tisa nikaishi kwa uji mzito, maji nayaogopa kama sumu. Vyenu vinadumu muda gani? Na cha kubadilisha mnakipata vipi?

Mama Pacha, Mombasa
Pole sana baba. Changu cha kwanza miezi mitano, cha pili miwili tu. Nikaandikiwa dawa ya fangasi, na brashi sikosi asubuhi na usiku: kioo ukutani, tochi ya simu, naingiza taratibu, nazungusha, natoa. Cha tatu kinaenda mwezi wa saba.

Kinachoniuma mimi ni simu. Laini yangu ilifungwa, nikapiga huduma kwa wateja, nikataja jina langu na kitambulisho. Kijana akanijibu, "Mzee, mpe simu mwenyewe." Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Akakata. Ikabidi nipande matatu hadi ofisini wanione na leso langu.

Konda wa Zamani
Mimi sikutobolewa kitobo cha kuwekea kidude. Natokea mbali, nauli ya kurudi kliniki kila baada ya miezi michache ningeitoa wapi? Natumia mashine ya betri, kama tochi ndogo, naigandamiza chini ya taya inatetemesha koo. Watoto wa mtaani wananiita Roboti, nimezoea. Betri ikiisha ndani ya daladala nagonga sarafu kwenye bomba. Nilipiga kelele za "shusha!" miaka kumi na moja, leo nashushwa kwa shilingi mia.

Nesi Kliniki ya Koo
Shikamooni wakubwa. Konda hajakosea. Kidude hiki, tangu wataalamu Singer na Blom walipoitangaza njia hii Marekani mwaka 1980, kinatoa sauti nzuri kuliko ile ya kumeza hewa na kuicheulia, ila ni kitu cha kubadilishwa maisha yote. Kabla ya kukubali kutobolewa uliza cha pili kitatoka wapi na kwa bei gani. Wengi wanauliza bei ya cha kwanza tu.

Jingine. Kikichomoka, kitobo kinaanza kujifunga ndani ya saa chache. Muombe daktari wako mapema mrija wa mpira wa kuzuia kitobo kisijifunge na akufundishe kuuweka; kidude kikichomoka uuweke, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Kidude ukikikuta kwenye mto, nafuu. Usipokiona kabisa, kimbia ukapigwe picha ya kifua, huenda kimeangukia kwenye mapafu. Na tembeeni na kikaratasi: NAPUMULIA SHINGONI. Ukizimia barabarani, msamaria mwema atakuwekea oksijeni mdomoni bure.

Binti wa Muadhini
Baba yangu alikaa kimya miezi mitano, anaandika kwenye daftari la wajukuu. Siku ya kujaribu kidude akaambiwa ahesabu moja mpaka tano. Akaziba tundu, akasema "Bismillahi". Yule dada wa kliniki akamwambia haya mzee, sasa hesabu. Kuadhini hawezi tena, pumzi haifiki. Lakini anamsahihisha muadhini mpya kila siku, na mwenzake amechoka.

Fundi Mstaafu
Nesi, mpira nimeshaupata, uko mfuko wa shati na miwani. Mama Pacha, hiyo ya "mpe simu mwenyewe" nimemsomea mke wangu kwa sauti, nikacheka mpaka kidole kikateleza, tundu likapiga filimbi, paka akatoka nje.