Kon-sneki wangu (nyoka wa kufugwa) anarudisha kila panya anayemla, daktari kataja kripto (kimelea cha tumbo). Nifanyeje na hawa wengine wawili?

mtwana_leicester
Wakuu habari za wikiendi. Najua humu wengi mkisikia nyoka mnatafuta fimbo, lakini kuna wachache wetu tunafuga huku ughaibuni, naomba tusaidiane kwanza, matusi baadaye.

Niko Uingereza, nina nyoka watatu: kon-sneki jike (yule wa rangi ya chungwa, mtu mzima sasa), kingsneki, na chatu wale wadogo wa Afrika Magharibi. Huyu jike kaanza kurudisha chakula. Anakula vizuri tu, ana hamu kabisa, halafu siku ya tatu au ya nne unakuta panya nje amelowa ute na harufu ni balaa. Mwanzo nikajua ni baridi, nikapima joto upande wa moto ni 30, thamostati iko sawa. Nikampa panya mdogo zaidi, karudisha tena. Sasa amekonda uti wa mgongo unaonekana, na katikati ya mwili hivi kuna uvimbe mgumu hata akiwa hajala kitu.

Daktari wa wanyama akamminya minya akasema anahofia kripto, akasema wengi wanaishia kuchomwa sindano ya kulala moja kwa moja. Mtoto wa nyumbani kaanza kulia hapo hapo. Kuna aliyepitia hili? Na hawa wengine wawili wako salama? Wako chumba kimoja ila kila mmoja tenki lake.

Kisimani
Mkuu nimesoma mpaka mwisho nikitegemea utasema umemtoroka. Mtoto analilia NYOKA? Haya endeleeni.

boda_houston
@Kisimani wewe nenda kwenye uzi wa mpira bwana.

Mkuu pole sana. Ulivyoeleza, kurudisha siku kadhaa baada ya kula, kukonda huku hamu ipo, na uvimbe pale kwenye tumbo, hiyo picha ni ya kripto kweli. Jina kamili ni Cryptosporidium serpentis, ni kimelea kinachokaa kwenye ukuta wa tumbo, ukuta unanenepa mpaka nafasi ya chakula inabanwa, ndiyo maana unaona uvimbe hata kama hajala. Kon-sneki na kingsneki ndio unaowasikia nao sana.

LAKINI usimlaze kwa kuminywa tu. Uvimbe unaweza kuwa kitu kingine, hata saratani. Mwambie daktari amwoshe tumbo kwa maji ya chumvi kwa mrija, siku chache baada ya kula, yale maji yaende kupimwa PCR (kipimo cha vinasaba vya kimelea). Akirudisha panya tena usimtupe, tia kwenye mfuko, weka friji (siyo ya chakula mkuu, au utaachika), ule ute juu ya panya ni sampuli nzuri sana. Kinyesi peke yake kinadanganya maana kimelea kinatoka leo, kesho hakitoki, kwa hiyo kipimo kimoja kikisema hakuna, hujapona bado, rudia.

Kitu cha pili, waulize maabara watataja aina au watasema kripto tu? Panya wenyewe wana kripto zao, nyoka akimla zinapita tu tumboni zinatokea kwenye choo, mtu anaua nyoka mzima kwa ugonjwa wa panya. Nimeona watu wakifanya hivyo.

shangazi_wa_Kibaha
Mimi sifugi nyoka ila nafuga kuku, kwa kuku tukipata ugonjwa banda zima linaoshwa na jiki halafu linapigwa jua. Osha tenki na jiki kali, mengine mwachie Mungu. Na mwarobaini unasaidia vimelea vya tumbo.

nesi_wa_wanyama_DE
Shikamoo shangazi, kwenye jua na kukausha uko sawa, ila kwenye jiki hapana. Nafanya kazi kliniki ya wanyama huku Ujerumani na hili ndilo linalotuumiza kichwa, yale mayai ya kimelea yana ganda ambalo jiki halifanyi kitu, na dawa nyingi za kupuliza za dukani hivyo hivyo. Kinachoyaua ni joto. Maji ya moto kabisa au mashine ya mvuke, uende polepole mpaka kitu chenyewe kipate moto, siyo kupitisha juu juu. Amonia ya 5% inafanya kazi lakini lazima ikae masaa mengi sana, na tafadhali isikutane na jiki, inatoka gesi ya sumu. Mwarobaini usimpe, tumbo lake limeshachoka.

Kaka, hao wawili wahesabu kama wameguswa mpaka vipimo viseme vinginevyo. Tenki tofauti siyo kinga kama koleo la kulishia ni moja, au bakuli za maji zinaoshwa sinki moja, au mikono yako inatoka huku inaingia kule. Chatu anaweza kubeba akaonekana mzima kabisa. Mhudumie mgonjwa wa mwisho kila siku, vifaa vyake peke yake, chumba kingine kama kipo. Usiuze, usiazimishe, usizalishe, usipokee mgeni. Na wapime wote zaidi ya mara moja.

Kuhusu tiba nisikudanganye. Paromomaisini (dawa ya antibiotiki) inapunguza kimelea kinachotoka, wengine wanaacha kurudisha kwa muda, lakini kwa nyoka kukimaliza kabisa ni nadra. Akithibitika na ameshakonda hivyo, mimi pia ningemlaza, siyo kwa kuwa ni mnyama tu, kukaa na njaa huku unatapika ni mateso. Mtoto asiogope, kripto hii ya nyoka haijulikani kuambukiza watu, ila mikono ioshwe kwa sabuni maana salmonela (bakteria wa kuharisha) yenyewe ipo kwa reptilia mara nyingi.

mtwana_leicester
Asanteni sana, nesi umenifungua macho. Koleo ni moja kweli, na bakuli zote zinaoshwa bafuni. Nimepiga simu kliniki nyingine yenye daktari wa reptilia, ataoshwa tumbo Alhamisi, na kasema nimlishe panya mdogo sana Jumatatu usiku. Wengine nimewahamishia sebuleni, mke ananuna.

Swali la mwisho, maranda nimeshatupa. Kuna gogo la kupandia na gome la mti la kujifichia, nilinunua ghali. Nayo nipige mvuke?

boda_houston
Mbao tupa. Ina matundu, mvuke haufiki ndani. Plastiki na kioo ndiyo unaweza kuokoa. Mpe boksi la kadibodi ajifichie, likichafuka unatupa, na chini tandika magazeti.

Kisimani
Alhamisi tuambie majibu mkuu. Nauliza kwa niaba ya mtoto.