Tiketi tatu za msibani, Mwanza–Dar: kwa nini jirani yangu wa kiti alilipa chini ya nusu?

Mwalimu wa Sengerema

Mwangaluka wanajamvi. Naomba mwenye uelewa wa mambo ya ndege anieleweshe, maana jambo hili limenikaa kifuani.

Wiki mbili zilizopita, Jumanne saa moja jioni, tulipigiwa simu kwamba kaka yetu mkubwa amefariki Dar. Sisi ni Waislamu, maiti hacheleweshwi, mazishi yalikuwa kesho yake alasiri. Kwa basi tungefika usiku tukakuta kaburi. Nikampigia wakala wa tiketi pale mjini, nikamwambia tuko watatu: mimi, mama na mdogo wetu wa kiume. Akatafuta, akasema 412,000 kila mmoja, kwenda tu. Nilituma 1,236,000 usiku ule ule, nyingi zikiwa za mkopo wa majirani. Saa tisa usiku tukavuka daraja la Kigongo, na alfajiri tulikuwa uwanjani.

Ndani ya ndege nilikaa na kijana mmoja anayefanya kazi Geita. Katika kunipa pole tukazungumza mengi, nikamwuliza amelipa ngapi. 186,000, alikata wiki tano kabla. Ndege moja, safu moja, kiti cha aina ile ile, chupa ile ile ya maji.

Siku ya kurudi ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mama alibeba begi la nguo za marehemu. Mizani ikasoma kilo 31, tumeruhusiwa 23. Kilo 8 za ziada, elfu sita kila kilo, 48,000. Mama akapiga magoti pale sakafuni, akafungua zipu mbele za watu, akaanza kutoa nguo za mwanawe moja moja. Koti lake la suti akalivaa yeye, juu ya baibui, na joto la Dar mnalijua. Tukabaki tunadaiwa kilo 5, nikalipa 30,000. Mdogo wetu alishatangulia ndani na kibegi chake cha kilo 9.

Swali langu: nani anapanga bei hizi, na kwa hesabu gani? Mafuta yale yale, rubani yule yule. Na kwa nini anayefiwa ndiye alipe zaidi?

Mzee wa Igoma

Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Pole sana mwalimu, na umpe pole mama. Mimi nasema ni wizi tu, wanajua mtu wa msiba hana pa kukimbilia. Nauli ya basi imeandikwa ukutani, mkubwa na mdogo wanalipa sawa. Ndege nao waandike ukutani.

Dada wa Kaunta

Mwalimu, pole kwa msiba. Nilikaa miaka tisa kwenye kaunta ya wakala wa tiketi hapa Mwanza, nimekata tiketi nyingi za watu wanaolia. Nitakueleza ninavyojua, na naomba Mzee wa Igoma anisome hadi mwisho.

Ndege haina bei moja. Chukua ndege ya panga ya viti 76. Kwenye kompyuta viti hivyo vimegawanywa katika madaraja ya nauli, na kila daraja lina herufi yake. Ukiangalia tiketi yako utaiona, herufi moja karibu na namba ya safari. Viti ni vile vile, ila masharti yanatofautiana: herufi ya bei ya chini huwezi kubadilisha tarehe bila faini, au hurudishiwi chochote, ya juu unabadilisha unavyotaka. Kila daraja limewekewa idadi ya viti vinavyoweza kuuzwa. Daraja la chini likijaa linafungwa, anayefuata anakutana na la juu yake. Kijana wa Geita alikuta mlango wa chini uko wazi. Ninyi mlifika usiku wa kuamkia safari, imebaki milango ya juu.

Sasa nani anaamua mlango ufungwe lini? Hesabu hiyo ina zaidi ya miaka 50. Mwaka 1972 Mwingereza mmoja, Ken Littlewood wa shirika la ndege la BOAC, aliiandika hivi, nami naiweka kwa shilingi. Tuseme kiti cha chini ni 150,000 na cha juu ni 400,000. Leo amekuja mtu wa 150,000. Umuuzie, au umfichie kiti mtu wa 400,000 ambaye huenda akaja siku ya mwisho? Gawa 150 kwa 400, unapata asilimia 37.5. Kama uwezekano wa kumpata yule wa mwisho unazidi hapo, kiti kinafichwa. Ukiwa chini ya hapo, kinauzwa leo. Kompyuta inarudia hesabu ya namna hiyo kwa kila safari, ikitazama rekodi za miaka iliyopita: Ijumaa zinajaaje, Desemba inajaaje, shule zinafungwa lini.

Marekani ndiko mchezo huu ulikokuwa mkubwa. Hadi 1978 serikali yao ndiyo iliyopanga nauli, kama Mzee wa Igoma anavyotaka hapa. Mwaka huo sheria ikaziacha kampuni zijipangie. Zikaja kampuni za bei chee, na Januari 1985 American Airlines wakajibu kwa nauli za chini sana kwa watakaokata mapema, huku viti vya wafanyabiashara wa dakika za mwisho wakivilinda kwa bei ya juu.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho, na nalisema kwa uchungu. Kompyuta haijui msiba. Inachojua ni kwamba anayekata tiketi usiku wa kuamkia safari ana shida ya lazima na atalipa. Imejifunza kutoka kwa watu wa mikutano wanaolipiwa na ofisi, halafu mwenye maiti na mwenye mgonjwa wa rufaa wanaingizwa kapu lile lile. Baadhi ya mashirika ya nje yana nauli ya msiba ukionyesha uthibitisho. Nikiwa kaunta niliwaomba wakubwa wetu wapeleke hoja hiyo kwa mashirika, na hadi leo naamini ni jambo la haki. Hata viti viwili tu kwa kila ndege vingesaidia.

Ila mwalimu, kuna kitu kwenye maelezo yako kimenishtua. Wakala alitafuta watu watatu kwa mpigo?

Mwalimu wa Sengerema

Ahsante sana dada yangu. Ndiyo, nilimwambia tuko watatu, akaweka watatu, bei ikaja moja.

Dada wa Kaunta

Hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Ukitafuta watu watatu, kompyuta inatafuta daraja lenye viti vitatu. Daraja la chini likiwa na viti viwili tu inaliruka, inawapandisha wote watatu kwenye bei ya juu. Sijui usiku ule palikuwa na nini, siwezi kumlaumu mwenzangu. Lakini siku zote anza kutafuta kwa mtu mmoja, kisha wawili, kisha watatu. Bei ikibadilika njiani, kata tiketi tofauti, halafu mwombe wakala aziunganishe kwa maandishi, ili safari ikiahirishwa mhamishwe pamoja.

Jingine: mawakala hushika viti bila kulipia, na kila kiti kilichoshikwa kina muda wake. Muda ukiisha booking inadondoka na kiti kinarudi sokoni, mara nyingine kwenye daraja la chini. Kwa hiyo bei ya saa nne usiku si lazima iwe ya saa kumi na mbili asubuhi. Na wale wanaosema ukitafuta mara nyingi simu inakupandishia bei, kwa niliyoyaona kaunta, kilichotokea ni kwamba mwingine amekiwahi kiti mlichokuwa mnakitazama wote.

Mizigo nawaachia wanaobeba. Nitagusia chanzo tu. Mafuta yalipopanda sana mwaka 2008, American Airlines wakaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, wenzao wakafuata, ingawa Ulaya Ryanair walishaanza 2006. Sababu ni mbili. Abiria akilinganisha nauli anaona namba ya kwanza tu, begi haonyeshwi. Na kule Marekani nauli ya ndani inakatwa kodi ya asilimia 7.5, ada ya begi haikatwi. Huku kwetu wengi waliyajua hayo Fastjet walipoanza Novemba 2012, Dar–Mwanza ikiwa kati ya njia zao mbili za kwanza: nauli ilianzia 32,000 kabla ya tozo za serikali, begi la kukabidhi unalipia kando.

Mama Sangara, Mwaloni

Mwalimu pole mwanangu. Habari ya mama kuvaa koti imenitoa machozi, nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Mimi nasafirisha samaki na dagaa, mizani ya uwanjani naijua kama ya kwangu. Kwanza, kilo ni jambo la kweli, hasa kwenye ndege ndogo za panga. Uwanja wetu uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Jua likiwaka, ndege inapata shida zaidi kunyanyuka. Nimeshashuhudia maboksi yakiachwa ili watu waondoke. Pia begi moja halitakiwi kuzidi kilo 32 hata ukilipia, maana kuna kijana anayelinyanyua kwa mgongo wake.

Pili, kilo za ziada usizinunue kaunta. Zinunue siku unayokata tiketi, mara nyingi bei inapungua. Uliza pia kama mnaosafiri pamoja mnaruhusiwa kuchanganya kilo. Wengine wanakubali, wengine wanataka kila begi lisimame peke yake. Ninyi watatu mlikuwa na kilo 69, na begi la mdogo wako lilikuwa na nafasi ya kilo 14. Msiachane hadi wote mmepima.

Mzani wa ndoano unaupata sokoni, ule wa kuning'iniza. Tundika begi lako, ulinyanyue mara mbili, namba zikitofautiana chukua kubwa. Na dagaa wafunge kwenye mfuko wa nailoni mara mbili ndani ya boksi, si kiroba kitupu. Wakinusa harufu hawapokei.

Mwalimu wa Sengerema

Nimerudi kutoa shukrani. Tunakwenda Dar kwenye arobaini. Jana nimekaa na wakala, nikamwomba atafute mtu mmoja: 238,000. Wawili: 238,000. Watatu: ikapanda, 275,000 kila mmoja. Nikamwomba akate wawili kwa bei ya chini na mmoja kwa ya juu, akaziunganisha. Nimelipa 751,000 badala ya 825,000. Mzee wa Igoma, nauli ya basi bado iko chini, ila mama miguu inamvimba.

Mama Sangara, mzani wa ndoano nimeununua. Tumepima mabegi yote matatu barazani: 21, 22 na 19, dagaa wa arobaini wakiwemo. Koti la kaka mama amelitundika mlangoni, anasema atalivaa kutoka nyumbani.