Ushauri: maua mabichi yamfikie mama Kasulu siku hiyo hiyo

Kitinda Mimba
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Mimi niko Dar. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, mkoani Kigoma, kafikisha 60, Ijumaa ijayo wanamuaga. Ruhusa ya kazini imegoma. Nataka akabidhiwe maua mabichi pale pale shuleni mbele ya watu. Ya plastiki hapana, anayo sebuleni tangu niko darasa la tano na kila Krismasi anayafua kwa sabuni ya unga.

Mwaka jana siku yake ya kuzaliwa nililipa elfu 60 kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni, wameandika "mikoa yote, siku hiyo hiyo". Kumbe wanapakia kwenye basi. Mzigo ulifika kesho yake jioni, mawaridi yamegeuka rangi ya mchicha uliolala. Mama wa watu akanitumia picha, akasema "lakini yananukia". Nifanyeje safari hii?

Wa Murubona
Mkuu, hiyo siku hiyo hiyo kutokea Dar isahau. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukisema ndege, inakuacha Kigoma mjini, bado karibu kilomita 100 za kuja kwetu. Lami ipo siku hizi na michomoko (zile gari ndogo za abiria) inakimbia, ila haiondoki mpaka ijae.

Mkata Waridi
Nimewahi kufanya kazi shamba la maua Arusha. Waridi likishakatwa linaingia chumba cha baridi, na linatunzwa kwenye ubaridi huo mpaka kwenye ndege ya Ulaya. Wewe unalitia kwenye buti la basi usiku kucha, pengine limebanana na boksi la ndizi mbivu. Unajua ukitaka ndizi ziive haraka unatia moja mbivu katikati? Gesi ile ile inayoziivisha ndiyo inazeesha maua. Hapo hata dereva akimbie vipi.

Mzee wa Migebuka
Majani tena? Mnunulie mama kitenge na mbuzi.

Mama Wawili
Mzee, vitenge walimu wenzake watampa mpaka achoke kushona. Mwache kijana.

Mdogo wangu, usihangaike kutafuta duka la maua, si Dar wala Kasulu. Maua ya huku yako uani kwa watu. Jiulize altare inapambwa na nini kila Jumapili. Kanisani kuna akina mama wa zamu ya kupamba, na hao wanajua nyumba gani ina waridi, nyumba gani ina yale manene ya njano. Huku ni juu, kuna ubaridi kuliko kule ziwani, yanastawi. Una ndugu hapa? Aende kwa mmoja wao Jumatano, si Alhamisi usiku.

Yakatwe Ijumaa alfajiri kabla jua halijapanda, yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka. Shina likatwe mshazari, majani ya chini yatoke, yaingie kwenye ndoo ya maji hapo hapo. Bogenvilia ya kwenye uzio wasikuwekee, italegea kabla ya risala. Nailoni pia hapana, inayachemsha. Yafungwe kwa kitenge kipya, na Mzee wa Migebuka naye aridhike.

Halafu usitamke "shada". Utaletewa lile la duara la kaburini.

Mzee wa Migebuka
😂😂 Nimeridhika.

Wa Murubona
Usafiri chukua bajaji, ndoo ikae katikati ya miguu ya abiria. Kwenye boda, upepo na hili vumbi letu jekundu, yatafika kama yamechimbwa.

Kitinda Mimba
Asanteni sana. Shangazi yupo, ila anaona aibu kumlipa muumini mwenzake.

Mama Wawili
Asiulize bei. Aseme ni ahsante ya maji ya kumwagilia, amwachie elfu 10. Itapokelewa.

Kitinda Mimba
MREJESHO. Pamoja na bajaji imenitoka elfu 18, kitenge mbali. Mgeni rasmi alihutubia mpaka saa nane, ndoo ikawa imekaa chini ya mwembe na watoto wa darasa la pili wanailinda kwa fimbo. Ua moja lilikatika kichwa, mengine yote yalikuwa yamesimama. Mama hakulia. Niliyelia ni mimi, huku, kwenye simu, chooni kazini.

Usiku kanipigia. Kitenge kiko kwa fundi tayari. Mashina matano ya waridi ameyachomeka nyuma ya jiko kwenye kivuli, kila moja kalifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Sasa anataka kujua yale ya njano yametoka kwa nani, akaombe mbegu.

@Mama Wawili, shangazi hakumbuki nyumba. Tunaanzia wapi?