Baba anataka kugombea mara ya sita. Ndugu zangu wanasema tumzuie

Binti wa Fundi (Kigoma Ujiji)

Habari zenu wana Kigoma, na majirani zetu wa Tabora. Naomba ushauri, hasa kwa waliolelewa katika nyumba ya mgombea.

Baba yangu ni fundi wa maboti pale Kibirizi. Ana miaka 66. Ukipanda boti ya kwenda Mwamgongo au Kagunga, kuna uwezekano mkubwa umekalia ubao alioupigilia yeye. Kazi anaiweza na watu wanamheshimu. Ila tangu nikiwa shule ya msingi, kila uchaguzi ukikaribia, nyumba yetu inageuka ofisi.

Mwaka 2005 alichukua fomu ndani ya chama chake kuomba udiwani, akaangushwa kwenye kura za maoni. 2010 akapitishwa, akashindwa na mpinzani. 2015 ndiyo iliyouma. Wenyeji mnakumbuka Kigoma ilivyokuwa mwaka ule: Zitto Kabwe ameacha jimbo la Kigoma Kaskazini amekuja Mjini na ACT-Wazalendo, mikutano imejaa kila uwanja, na mwishowe halmashauri ya manispaa ikaenda kwa chama hicho. Baba alikuwa chama kingine. Wimbi lile lilimpitia juu, lakini bado alipitwa kwa kura 63 tu. Kwa ajili ya kampeni ile aliuza mashine ya boti yetu, ndiyo iliyokuwa ikitulisha. 2019 akaomba uenyekiti wa mtaa, vyama kadhaa vya upinzani vikajitoa, chake kikiwemo, ikaishia hapo. 2020 akarudi kwenye udiwani na fomu yake haikupita. Hata jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura.

2024 hakuomba kitu kwa sababu mama alikuwa mgonjwa, na mwaka huohuo tukamzika. Tukadhani yameisha. Mwezi uliopita nimeenda kumpelekea chakula karakana nikamkuta amelitoa lile kaunta buku lake, lenye majina ya watu mtaa kwa mtaa, anafuta waliofariki kwa rula na kalamu nyekundu. Nikamuuliza. Akasema, "2029 naomba mtaa. Wakininyima, 2030 naomba kata."

Kaka yangu mkubwa amesema hatatoa hata shilingi, na tukimsaidia asihesabiwe. Dada yuko upande wake. Mimi sijui. Ninachokijua ni kwamba mtaro wa maji ya mvua nyuma ya soko, ule uliokuwa ukizoa nyumba za watu, baba ndiye aliyeusemea kwenye kila mkutano kuanzia 2010, na waliomshinda ndio waliokuja kuuchimba baadaye, wakijua kuwa kura zake zimetoka pale. Hajawahi kushinda, na mtaro upo. Hilo nalipima vipi?

Mwenzenu nimechoka kulala nikiwaza.

Kijana wa Gungu

Pole na msiba wa mama, dada.

Nitasema wazi ingawa itauma. Mzuieni. Baba mdogo wangu aligombea mara tatu. Mara ya pili aliuza kiwanja, mara ya tatu akakopa kwa watu wa riba. Wadogo zangu wawili walikaa nyumbani mwaka mzima bila ada. Siku ya matokeo wale vijana aliowalisha ubwabwa wiki nzima walikuwa wanashangilia kwa mwingine.

Kugombea kwenyewe serikalini si ghali. Dhamana ya udiwani ilikuwa shilingi 5,000. Hela inaliwa na mafuta ya pikipiki, spika, fulana, chai, na "mzee tukumbuke". Mtu asiye na mfuko anakwenda kushindana na wenye mfuko, halafu watoto ndio wanaolipa. Kaka yako hana roho mbaya, amechoka.

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Binti yangu, nakupa pole. Nimefundisha Ujiji miaka mingi kabla ya kurudi kwetu Tabora, kwa hiyo ninayajua ya huko.

Mwaka 1994 Kigoma Mjini ulifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA alitangazwa ameshindwa. Akaenda mahakamani, na shauri likafika mpaka Mahakama ya Rufani. Kati ya yaliyobishaniwa ni matengenezo ya barabara ya Kigoma hadi Ujiji wakati wa kampeni, na namna redio ya taifa ilivyotangaza kampeni ile. Wanasheria wanalisoma shauri hilo mpaka leo. Uchaguzi mkuu wa 1995 ulipofika akarudi kwa watu walewale, akachaguliwa, akakaa bungeni miaka kumi. Kama familia yake ingemfungia ndani baada ya kushindwa mara ya kwanza, Kigoma ingekosa mengi.

Na huku kwetu tunaye Profesa Lipumba, mtoto wa Ilolangulu. Ameomba urais 1995, 2000, 2005, 2010 na 2020. Mara tano. Hakuupata. Mimi sikumpigia kura kila mara, lakini sijawahi kuona aibu kwamba anatoka Tabora.

Ila nisikudanganye kwa mifano mikubwa. Hao walikuwa na vyama nyuma yao. Baba yako anabeba mwenyewe. Na kumbuka kwetu mgombea binafsi haruhusiwi. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania hilo mpaka Mahakama ya Afrika ikampa haki mwaka 2013, lakini mlango haujafunguliwa. Chama kikimkata mzee, hana pengine pa kupitia. Kwa hiyo swali la kwanza muulize kuhusu chama chake, kabla ya umri na kabla ya fedha. Wanamtaka, au wanamtumia kujaza nafasi?

Wakala wa Zamani (Kasulu)

Shikamoo Mwalimu. Dada, pole.

Mimi nimekuwa wakala wa mgombea kituoni chaguzi tatu, nazungumzia kazi tu. Kura 63 si kushindwa kwa kukataliwa. Kura 63 ni vituo viwili au vitatu visivyokuwa na wakala aliyekaa mpaka mwisho. Nimeona wakala anatoka saa nane mchana kwa sababu hajala tangu asubuhi, na akirudi hesabu imeshaanza. Muulize mzee mwaka ule alikuwa na nakala za Fomu 21C, zile za matokeo ya udiwani, za vituo vyote. Kama hana, basi hajui alishindwa wapi, na atarudia palepale.

La pili, hiyo 2020. Unasema fomu haikupita. Fomu 8C, ile ya kuomba uteuzi wa udiwani, ina mitego midogo: herufi ya jina, namba ya kadi ya mpiga kura ya mdhamini, sahihi kukosekana. Wadhamini wanaotakiwa kwa udiwani ni kumi, wote wawe wameandikishwa kwenye kata hiyo. Mlipeleka wangapi? Na nani aliijaza?

Nauliza kwa sababu mtu akiangushwa na kura anajua la kufanya na moyo wake. Akiangushwa na karatasi, hapumziki. Huenda ndiyo sababu mzee wako hawezi kuacha.

Binti wa Fundi

Ahsanteni wote. Mwalimu, shikamoo, maneno yako nimemsomea dada kwa simu.

Wakala wa Zamani, swali lako nimelisoma juzi usiku nikafunga simu. Niliijaza mimi.

Baba mwandiko wake ni wa mtu wa randa na nyundo, herufi kubwa zinazotoka nje ya kisanduku. Kwa hiyo aliniachia mimi niliyesoma. Tulipeleka wadhamini kumi kamili, bila wa akiba hata mmoja. Namba ya kadi ya mdhamini wa saba niliikosea tarakimu. Walipobandika sababu nilikwenda kuisoma peke yangu, na baba nilimwambia tu kwamba "kuna kasoro za wadhamini". Aliamini ni hila. Alikata rufaa, haikusaidia. Amewaambia watu hivyo miaka yote hii, na mimi nimenyamaza. Mama alijua. Alinisihi nimwambie mwenyewe, kwa wakati wangu.

Jana nimekwenda Kibirizi. Alikuwa chini ya boti, anasokota pamba yenye mafuta ya mawese na kuisukuma kwenye nyufa kwa patasi, gonga, sukuma, gonga. Nikakaa juu ya kipande cha ubao nikamwambia yote. Hakusimama. Alimaliza ule ufa mpaka mwisho wake, akafuta mikono, ndipo akauliza, "Tarakimu gani?"

Nikamwambia ilikuwa saba, nikaandika moja. Kadi yenyewe ilikuwa imefifia.

Akachukua penseli yake ya useremala, ile bapa, akachora saba kwenye ubao wa boti, akaikata katikati kwa kamstari. "Sisi mafundi tunaiandika hivi," akasema. "Ukikosea moja na saba kwenye kipimo, boti inapinda." Kisha akauliza kama nimekula.

Hakunifokea. Nililia njia nzima mpaka Mwanga.

Baadaye usiku akanipigia mwenyewe, tukaongea kuhusu fedha kwa mara ya kwanza maishani. Nilimsomea ya Kijana wa Gungu, kuhusu wale wadogo zake waliokosa ada. Akakaa kimya muda mrefu. Amekubali haya: karakana haiguswi, vifaa haviguswi, hakuna kukopa, na hakuna fulana. Ataomba mtaa tu. Habari ya kata amesema tusiizungumze sasa, na mimi sikumlazimisha. Kuhusu chama, alikiri kwamba tangu 2020 hakuna kiongozi aliyekuja hata kumpa pole ya mama. Hilo alilisema polepole sana. Anataka kwanza kwenda kuwauliza ana kwa ana.

Fomu za 21C za 2015 anazo za vituo viwili. Vingine hana. Wakala wa Zamani, ulijuaje?

Kaka bado hapokei simu yangu. Nimemwandikia ujumbe mrefu, nimemweleza na habari ya ile namba, kwa sababu naye alikuwa hajui. Ameusoma, hajajibu.

Leo baba ameniletea kaunta buku mpaka nyumbani, limefungwa kwenye mfuko wa sandarusi. Nimeanza ukurasa mpya. Sijajua mtaa watataka wadhamini wangapi, lakini nimeandika majina kumi na nane, kumi wa kuanzia na wengine wanane wa akiba, na kadi nitaziona kwa macho yangu moja moja. Kila saba nimeikata katikati.