Mrejesho: Disney World tulienda

Ndugu zangu, niliwauliza kama inafaa kutoa akiba yetu kwa safari ya Walt Disney World, viwanja vya burudani kule Florida, Marekani, au tuitunze iwe nauli ya kwenda Tanga kwa bibi ya watoto wetu. Tumeenda, na kwetu sisi imelipa, hasa kwa sababu tulibana pale mlipotushauri.

Mdogo hajafikisha miaka 3, akaingia bure. Bei ya tiketi hupanda na kushuka kulingana na tarehe, kwa hiyo tulikwepa likizo za shule. Chakula ndicho kilichotuokoa zaidi: wanaruhusu kuingia nacho mradi hakuna chupa za glasi wala pombe, basi nilibeba chapati na mayai ya kuchemsha, na maji baridi tukaomba bure kaunta. Kwenye michezo ya kasi mmoja wetu alibaki na mdogo, kisha tukapokezana bila kupanga foleni upya. Ulizeni utaratibu huo mapema.

Lakini kilichonigusa ni Harambe, kule Animal Kingdom (kimojawapo cha viwanja vya Disney World), kijiji kilichojengwa kwa sura ya mji wa Afrika Mashariki. Kuna mabango ya Kiswahili. Mkubwa wangu, ambaye nyumbani hunijibu kwa Kiingereza tu, alisimama akalisoma moja silabi kwa silabi, kwa sauti, akidai asisaidiwe. Baba yake machozi yalimlenga.

Tanga imesogea hadi mwakani, tumeshaanza kuweka. Dada uliyenishauri kuhusu chakula, Mungu akubariki sana.