Halmashauri na watu wasio na makazi: hivi nani anashika usukani?

FailiJipya:
Wakuu habari za leo. Naomba mnifungue macho kidogo. Niko kwenye utafiti wa utawala wa serikali za mitaa, mada yangu ni jinsi halmashauri zinavyoratibu sera na huduma za watu wasio na makazi. Sasa kila mkakati ninaosoma, wa mji wowote ule, maneno ni yaleyale, ushirikiano wa wadau, kamati ya pamoja, mbinu shirikishi, na picha ya madiwani mbele ya bango. Lakini ukijiuliza huyu mtu aliyelala stendi usiku wa leo kesho asubuhi agonge mlango upi, jibu hulioni. Idara ya nyumba watasema huyo ana matatizo ya akili apelekwe afya, afya watasema hana anwani tutamfuatiliaje, ustawi wa jamii watasema sisi watoto na wazee kwanza, polisi wao wanamhamisha tu kutoka kona hii kwenda kona ile. Je kuna mahali hii kitu imefanya kazi kweli? Na tatizo hasa ni uratibu, au nyumba hazipo na hayo mengine porojo?

MzeeWaKanuni:
Anza na sheria kijana, maana bila sheria kila idara inasaidia ikijisikia. England ndo mfano mzuri wa kusoma, uzuri wake na ubovu wake. Tangu 1977 kuna sheria inayoibebesha halmashauri wajibu kwa watu wasio na makazi, yaani siyo hisani, mtu anaweza kudai. Sheria ya 2002 ikaongeza kwamba kila halmashauri lazima iwe na mkakati na iupitie upya kila miaka mitano. Halafu ikaja ya 2017, ikaanza kazi Aprili 2018, hii ndo imebadilisha mchezo: mtu akiwa hatarini kupoteza makazi ndani ya siku 56 halmashauri inatakiwa ianze kumshughulikia hapohapo, isisubiri mpaka vitu vyake viwekwe barabarani. Na Oktoba mwaka huohuo magereza, hospitali, ofisi za ajira na wengineo wakapewa wajibu wa kuitaarifu halmashauri wakimwona mtu wa namna hiyo, kwa ridhaa yake na kwenye halmashauri anayoichagua mwenyewe. Cha ajabu polisi hawakuwekwa kwenye ile orodha, na wao ndo wanaowakuta watu saa nane za usiku.

Ubovu sasa. Kuna kitu kinaitwa uhusiano na eneo, kwa kawaida uwe umeishi hapo miezi 6 kati ya 12 iliyopita au miaka 3 kati ya 5, au uwe na kazi au ndugu wa karibu pale. Halmashauri ikiona huna kwake ila unao kwingine, inaweza kukusukuma huko. Na sehemu nyingi za vijijini nyumba ziko chini ya halmashauri ya wilaya ila huduma za jamii ziko chini ya ile ya kaunti, ofisi mbili, bajeti mbili, madiwani tofauti. Kwa hiyo wajibu upo kwenye karatasi ila mtu anaweza kudondokea katikati ya ofisi hizo mbili.

Chokaa_na_Tofali:
Mzee nakuheshimu sana ila sheria bila nyumba ni barua tu. Hao hao England unaowasifia wana zaidi ya kaya 100,000 kwenye makazi ya muda, halmashauri zinalipia vyumba vya hoteli na vinyumba vya kupanga kwa zaidi ya pauni bilioni 2 kwa mwaka, hela inaondoka hakuna hata ukuta mmoja unaobaki. Ratibu utakavyo, mwisho wa siku kuna ufunguo au hakuna.

Angalia Finland. Mwaka 2008 serikali kuu ilikaa na miji mikubwa wakasaini makubaliano, kila mji na idadi yake ya nyumba, serikali inatoa sehemu ya hela ya ujenzi na ya wafanyakazi wa sapoti, mji unatoa viwanja. Hapo ndo uratibu una meno, kuna namba na kuna saini. Sera yenyewe wanaiita makazi kwanza, yaani mtu anapewa nyumba yenye mkataba wa kupanga kwa jina lake ndo mambo ya pombe, madeni, dawa na kazi yanafuata, hawamwambii acha kunywa kwanza halafu tutaona. Na zile hosteli za vitanda wakazigeuza. Iko moja Helsinki ya Jeshi la Wokovu, mtaa wa Alppikatu, ilikuwa na vitanda kama 250, wakaikarabati ikawa nyumba 81, kila mtu na mlango wake na jiko lake. Fikiria uamuzi huo ukiwa diwani, unapunguza watu wanaolala pale halafu unaita maendeleo! Lakini ndo ilikuwa sahihi kwa sababu kitanda cha hosteli hakimtoi mtu kwenye orodha ya wasio na makazi, kinamhifadhi tu.

Wameweza kwa sababu jiji la Helsinki ni mmiliki mkubwa wa ardhi yake na lina kampuni yake ya nyumba. Halmashauri isiyo na kiwanja wala nyumba moja itaratibu nini? Vikao.

Sister_Ustawi:
Hamjambo humu. Mimi nafanya kazi hizi ana kwa ana na watu, sio kwenye makaratasi, wacha niseme ninavyoona. Kaka Chokaa ana hoja ila kuna kitu anakiruka. Nyumba inaweza kuwepo na mtu akaikosa, naona mara nyingi tu.

Inavyokuwa ni hivi. Mtu anaruhusiwa hospitali Ijumaa jioni. Kwenye fomu kuna sehemu ya anwani, nesi anaandika ya dada wa huyo mgonjwa kwa sababu lazima pajazwe, dada mwenyewe alishasema hamtaki. Kwenye mfumo wa hospitali huyu mtu ana kwao, kwa hiyo hakuna anayepigiwa simu. Jumamosi kalala nje, simu imeibwa, begi lenye kitambulisho na dawa limeenda. Wiki inayofuata ofisi ya nyumba inampangia miadi kwa meseji kwenye namba ile ile iliyoibwa. Hatokei. Wanampangia tena, hatokei. Faili linafungwa, sababu imeandikwa "hakutoa ushirikiano". Ukija kukusanya takwimu huyu anahesabika kama mtu aliyekataa msaada!! Hapo kila idara imefanya kazi yake sawasawa kabisa na kila moja ina ushahidi.

Kinachosaidia, kwa nilivyoona, ni vitu vya kawaida sana ambavyo havipendezi kwenye hotuba. Kwanza orodha moja ya majina, sio takwimu, majina, ambayo nyumba, afya, ustawi, magereza na mashirika ya dini wote wanaichangia na mtu mwenyewe ameridhia. Pili kikao kifupi cha kila wiki ambapo orodha inasomwa jina kwa jina, na mbele ya kila jina kuna jina la mfanyakazi mmoja. Nasema mfanyakazi, sio idara. Ukiandika "Idara ya Afya itafuatilia" hakuna atakayefuatilia. Na mwenyekiti wa kikao awe mtu mwenye uwezo wa kusaini hela palepale, hata ndogo, ya nauli au deposit au kutengeneza kitambulisho, maana wengi wanakwama kwenye vitu vidogo hivyo huku nyumba inasubiri mpaka inapewa mwingine.

Hiyo ridhaa msiichukulie kimzaha. Kuna mama amekimbia mume anayempiga, jina lake likisambazwa kwenye ofisi sita likamfikia shemeji anayefanya kazi ofisi ya sita, umemuua.

Chokaa_na_Tofali:
Nimekuelewa dada. Ila hapo kwenye "nyumba inasubiri" ndo pangu, lazima iwepo ya kusubiri.

namba_hazidanganyi:
Mnabishana kitu kimoja nyie. Angalieni miji miwili ya Marekani, nchi moja, sheria za serikali kuu zilezile. Kule wizara ya nyumba inataka mashirika na serikali za eneo moja waungane na kuomba hela kwa ombi moja, wawe na mfumo mmoja wa data na utaratibu mmoja wa kumpokea mtu na kumpangia.

Houston mwaka 2011 walikuwa na hali mbaya. Kuanzia 2012 jiji, kaunti na mashirika zaidi ya 100 wakakubali kufuata mpango mmoja chini ya mratibu mmoja, meya wa wakati huo Annise Parker akaweka uzito wake, wakaongea na wenye nyumba binafsi wawape vyumba. Idadi ya wasio na makazi ikashuka kwa zaidi ya asilimia 60. Halafu nenda Los Angeles, huko jiji na kaunti waliunda mamlaka ya pamoja tangu 1993, yaani kama uratibu ni kuwa na chombo cha kuratibu basi wao ndo walitangulia. Matokeo yake ukaguzi ulioagizwa na mahakama ukakuta matumizi hayafuatiliki vizuri, na Aprili 2025 kaunti ikapiga kura kuondoa hela yake, zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, wakaanzishe idara yao. Chombo kilikuwepo, ila bosi wa hela alikuwa huku na mwenye lawama kule. Na kodi ya nyumba Houston ni rahisi kuliko Los Angeles, kwa hiyo Chokaa nawe chukua pointi zako.

FailiJipya kwenye utafiti wako kuwa makini na kulinganisha nchi. Finland wanamhesabu hata anayelala kwa rafiki au ndugu kwa muda, na hao ndo wengi kwenye hesabu yao. Ile hesabu ya usiku mmoja ya Marekani kila Januari, iliyotoa watu 771,480 mwaka 2024, anayejibanza kwenye kochi la binamu haimo. Halmashauri ikitaka kupunguza watu wasio na makazi haraka, njia rahisi kuliko zote ni kubadilisha nani anahesabiwa 😂

MzeeWaKanuni:
Hapo kwa Finland ongezeni jambo. Tangu Januari 2023 huduma za jamii na afya zimetoka kwenye manispaa zikaenda kwenye mamlaka mpya za mikoa, nyumba zikabaki manispaa. Helsinki pekee ndo imebaki na vyote. Mwaka 2024 idadi ya wasio na makazi nchini humo ikafika 3,806, mara ya kwanza kupanda tangu 2012. Sisemi mgawanyo huo ndo sababu, maana mwaka huohuo serikali ilikata posho ya nyumba na hiyo inauma moja kwa moja. Ila hata kwa walimu wenyewe, ukitenganisha ufunguo na sapoti unahitaji mtu wa kuviunganisha upya.

FailiJipya:
Asanteni sana, nilikuja na swali moja naondoka na manne. Sasa nikienda kuhoji watu wa halmashauri, kwa sababu nikiwauliza "mnaratibuje" watanipa tena ile hotuba, niulize nini?

Sister_Ustawi:
Mdogo wangu usiulize wanaratibuje. Omba orodha ya waliofungiwa faili miezi mitatu iliyopita, majina yafichwe, usome sababu za kufunga. Halafu uliza mtu aliyetoka jela au hospitali wiki iliyopita bila pa kwenda, alipokelewa na nani, na huyo aliyempokea ana mamlaka ya kutoa kiasi gani bila kuandika dokezo. Wakiangaliana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kujibu, andika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Chokaa_na_Tofali:
Na uliza wana viwanja vingapi.